Keria ya baiskeli niliyoichorea jeep yetu, Butembo hadi Beni wakati wa vita

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Ninachoandika kilinipata mimi mwenyewe. Mume wangu yuko hai na anasoma jukwaa hili kimyakimya, kwa hiyo nikitia chumvi atanisuta kabla yenu.

Kwanza niungame. Kwa miaka mingi, kila stori hii ilipotajwa mezani, nilisema ile keria lilikuwa wazo la mume wangu. Nilisema hivyo mbele ya mashemeji, mbele ya wanafunzi wangu, hata mbele yake mwenyewe, naye akaniachia kwa kuwa ni mtu wa amani.

Lilikuwa wazo langu. Wazo, mchoro na kelele zote. Mchoro niliuchora kwa rula.

Nimeamua kusema leo kwa sababu kuna mkuu aliuliza juzi: ana four-wheel ya familia, anataka kubeba baiskeli za watoto, je, achukue keria ya juu ya paa au ya nyuma mlangoni? Mlimjibu kitaalamu sana. Lakini hakuna aliyetaja wanajeshi. Nikaona hapana, lazima nikae niandike.

Turudi Butembo, Kivu ya Kaskazini, miaka ya vita vya pili vya Kongo. Kila mji ulikuwa na wakubwa wake wenye bunduki, leo hawa, kesho wale. Mimi nilifundisha chuo kimoja pale mjini, mume wangu Kambale aliuza dawa. Tulikuwa na jeep ya zamani. Kwetu kila four-wheel ni jeep, usibishane.

Jeep yenyewe haikutembea.

Wenye magari pale walikuwa na mtindo wao. Ukisikia askari wapya wameingia, unang'oa magurudumu manne, gari unaliweka juu ya matofali, magurudumu unayaficha. Gari lisilo na miguu halichukuliwi kwa kazi ya jeshi. Yetu yalilala darini chini ya magunia ya maharage, na kuku alikuwa ametagia kwenye kiti cha dereva. Nilikuwa ninamheshimu yule kuku. Ndiye pekee aliyenufaika na gari letu mwaka ule.

Sasa, binti yetu wa kwanza, Masika. Miaka kumi na mitatu, miguu mirefu, na anapenda baiskeli, sisi tunaita kinga, kuliko chakula. Butembo ni vilima vitupu. Alikuwa anapanda hadi mtaa wa Kimemi na kushuka tena, jioni baada ya jioni, mpaka wauza nyanya wakamzoea na kuanza kumpigia makofi.

Parokia moja ya Beni ikatangaza mbio za kinga za vijana. Na kwa mara ya kwanza wasichana wangeshindana peke yao.

Masika akaja jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama, na hii nayo mutasema tutaona?"

Wakuu, lile neno liliniingia. Tangu vita vianze tulikuwa tumemwambia mtoto huyu "tutaona" mara nyingi mno. Krismasi kwa shangazi, tutaona. Shule kufunguliwa, tutaona. Vyote vilikufa njiani.

Nikamwambia, "Hii tutaenda."

Halafu nikaenda kumtafuta baba yake nimweleze alichoahidi.

Kambale hakukataa. Siku hizo barabara ilikuwa imetulia kidogo. Tungekwenda Jumapili baada ya misa ya kwanza, wadogo zake Masika wabaki kwa bibi. Tungebeba kinga mbili, ya Masika na ya baba yake, ile nzito ya kubebea ndizi, kwa sababu alitaka kumfanyisha mazoezi kidogo kabla ya mbio. Ubishi ulikuwa mmoja tu: tuzibebe wapi?

"Mama Masika, tunafungaka tu ku galeri, kule juu ya paa, na mipira. Njo vile batu bote banafanyaka." (Njo yetu ni ndivyo au ndiyo yenu.)

"Na ile mikungu ya ndizi ya kupelekea dada yako kule Beni, tutaiweka juu ya kichwa yako?"

"Kichwa yangu imezoea kubeba mambo yako."

Hapa niwe fundi kidogo, maana mkuu aliuliza kwa nia njema. Keria ya paa ina shida zake. Jeep ni ndefu kwenda juu. Kuinua kinga nzito kama ile unahitaji watu wawili na maombi. Barabara yetu ilikuwa mashimo, na kitu kilicho juu kinayumba mara mbili ya kilicho chini. Ile mipira ya kufungia, vipande vya tyubu ya ndani, inachukua muda kufunga na muda zaidi kufungua. Na bariyeri, vile vizuizi vya askari barabarani, nyingi zilikuwa mti mmoja uliolazwa. Askari akiwa mvivu anauinua nusu tu, upite chini yake. Kinga za juu zinabaki pale.

Ya nyuma nayo ina shida. Gurudumu la akiba liko mlangoni, keria inalifunika. Na mlango wa nyuma haufunguki.

Ndipo akili yangu ya chuo ikawaka. Nikachora keria ya nyuma inayosimama juu ya bampa, yenye mabomba mawili ya kushika kinga, na chini yake kiungo kinachozunguka. Unachomoa pini, unaisukuma pembeni, mlango unafunguka. Nilikuwa nimeona picha ya kitu kama hicho kwenye gazeti la Wazungu. Nilifurahi sana kiasi cha kushindwa kulala.

Nikampelekea Fundi Kasereka, mchomeleaji mwenye sauti kubwa kuliko mashine yake. Aliutazama mchoro, akaugeuza juu chini, akaugeuza tena.

"Madame, hii naijua! Nimeshatengenezaka yake mingi. Ya kuzunguka, ee? Hii iko kazi ya mukono wangu kabisa!"

Swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza ni: wewe Kasereka, katika Butembo hii, nani mwingine amekuletea keria ya kinga?

Sikuuliza. Nilikuwa na furaha.

Jumamosi tulishusha magurudumu. Mtaa mzima ulikuja kuangalia jeep ikirudishiwa miguu, kama mgonjwa anayetoka hospitali. Kuku alihamishwa kwa heshima. Keria ikafungwa, ikazunguka bila kelele, laini kama siagi. Hata Kambale alitingisha kichwa na kusema, "Vraiment, Mama Masika," kwamba kweli nimeweza. Kwake hiyo ni hotuba. Kinga zikapanda, na kwa sababu ya vumbi nikazifunika kwa bâche ya kijani, turubai, nikakaza kamba vizuri. Mabomba mawili yakabaki yamechomoza, yakielekea juu kidogo.

Niliendesha mimi. Nawaambia, ilikuwa asubuhi ya raha. Masika aliimba tangu tunatoka mjini. Ukungu ulipofunguka niliona milima upande wa kulia na nikajiona mwanamke huru mwenye gari, mume na mtoto wa mbio.

Bariyeri mbili za kwanza zilitupisha haraka mno. Askari walipiga hata saluti. Nikadhani ni uso wangu.

Bariyeri ya tatu tuliikuta zimebaki kilomita kumi na kitu kufika Beni. Tuliisogelea polepole, kwa adabu. Ghafla nikaona askari mmoja amejitupa mtaroni, kifudifudi. Mwingine yuko nyuma ya mti.

"Simama! Bote chini! Mutu asiguse ile mitrailleuse!"

Mitrailleuse ni bunduki kubwa, ile ya kumimina risasi. Nikageuka kuangalia nyuma, nami nikaogopa sana, nikidhani kweli tunayo.

Hapo ndipo nilipoiona keria yangu kwa mara ya kwanza. Mabomba mawili, turubai la kijani, kisimamo kinachozunguka. Kasereka hakuwa amedanganya. Alikuwa ametengeneza nyingi, kwa wateja waliokuja na sare, na yetu aliitengeneza vilevile, kwa mkono uleule. Nimesoma vitabu vingi vya vita, wakuu, na nimezunguka na kisimamo cha bunduki nyuma ya gari kwenda kwenye mbio za parokia.

Tulifungua bâche. Kinga mbili. Askari wa mtaroni akainuka akijifuta matope, wenzake wakamcheka.

Lakini mkubwa wao, mwenye cheo cha Ajida, mtu wa kutoka mbali, mkoa wa Équateur, hakucheka. Aliisukuma keria kwa mguu. Ikazunguka, laini.

"Kinga naziona. Lakini hii ya chini, hapana ya kinga. Yake iko kwa jeep ya commandant."

Nikaanza kumweleza kwa Kifaransa safi, kwa hoja, kama niko mbele ya darasa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madame professeur, kaa kimya kidogo."

Uamuzi wake: jeep haiendi popote mpaka commandant aseme. Commandant yuko Beni. Simu ya commandant haijibiwi. Mtandao ulikuwa mgeni kwetu, na pale bariyeri ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Ajida alipanda, akapiga, akashuka, akapanda tena.

Jua likapanda nalo. Mbio zilikuwa mchana.

Masika alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Hakulia. Aliniangalia tu, na niliona lile neno "tutaona" limekaa usoni mwake. Halafu akasimama, akamwendea Ajida.

"Ajida, kinga nazo zimefungwa?"

"Hapana, mutoto. Jeep njo imefungwa."

"Basi jeep ibakie. Miye niende na kinga."

Askari wakaanza kuguna na kucheka. Mmoja akasema kwa Kilingala, "Likambo te, kiongozi," kwamba hakuna neno. Ajida akaniangalia mimi.

Nilitaka kusema hapana. Ulikuwa mwendo wa kama saa nzima kwa baiskeli, barabara ya vita, halafu ndipo aanze mashindano. Nikamtazama Kambale. Alikuwa ameshakunja suruali.

Nilichomoa pini. Keria ikazunguka, kinga zikashuka kabla sijamaliza kusali. Ingekuwa ya paa tungekuwa bado tunafungua mipira. Hata yule askari wa mtaroni alikiri, "Hii machine iko mbio!" Katikati ya hofu yote ile, nilijisikia fahari. Mnisamehe.

Wakaondoka, binti mbele, baba nyuma anahema kwenye lile chuma lake. Mimi nikabaki kama dhamana, na jeep, na mikungu ya ndizi ya wifi.

Nilikaa kwenye jerikani. Askari waliniletea mahindi ya kuchoma. Walikuwa wanaizungusha keria kwa zamu, wakibishana kama inaweza kubeba mbuzi. Kila gari lilipopita kutoka Beni nilisimama, nikauliza kama wameona msichana na mwanaume mwenye suruali iliyokunjwa. Mmoja alisema amewaona, mwanaume alikuwa anasukuma. Mwingine hakuona mtu, na mahindi yakanishinda kumeza.

"Ajida," nikauliza, "kwa nini commandant hajibu?"

"Iko mu fête, mu sherehe. Invité d'honneur, mugeni wa heshima."

"Fête gani?"

Akajikuna shingo. "Ya kinga. Ya batoto ya parokia."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Kabla sijawapa mwisho, nimjibu mkuu aliyeuliza. Chukua ya nyuma. Hakikisha mlango unafunguka, namba ya gari inaonekana, na baiskeli zinashuka haraka kuliko unavyodhani utahitaji. Usiifunike. Na fundi akikuambia ameshatengeneza nyingi, muulize za nani. Nimejifunza pia kwamba mtoto akikuuliza njia, mara nyingine tayari ameiona, kazi yako ni kuchomoa pini. Wenye maoni, wenye kejeli, na wenye keria zao za dukani, nafasi iko hapo chini, nitajibu nikiwa na umeme.

Sasa simu.

Ililia jua likiwa limeshaanza kuinama. Ajida alikimbilia kichuguu, akasimama wima.

"Oui, commandant. Oui. Mwanamuke moja. Kinga zilikwenda. Oui. Iko hapa."

Akaninyooshea mkono, nikapanda na viatu vyangu vya misa, tukabanana pale juu kama kuku kwenye tawi. Upande wa pili nilisikia ngoma na watu wengi.

"Madame, weye njo mama ya ule mutoto wa mavumbi?"

"Ndiyo, commandant. Amefika?"

"Amefika, amekimbia, amekuwa wa tatu. Nimemuita kumupa zawadi yake mbele ya padri na batu bote." Sauti ikawa ya mtu aliyegeukia pembeni ili asisikike. "Anakataa. Anasema hapana kuipokea mpaka mama yake atoke ku bariyeri yangu. Iko amesimama tu. Na batu bote bamesimama naye. Hata mimi niko nimesimama. Kuya huku Beni sasa hivi, Mama. Kuya na jeep yako, kuya mbio."