Nilivyojioza kwa Kihispania

Binti yangu alinipigia simu kutoka Hispania nikiwa juu ya ngazi dukani, namshushia mteja pazia la rangi ya maziwa.

"Mama, kaa chini kwanza," akasema.

"Nikae chini vipi na niko juu ya ngazi?"

"Basi shuka."

Nikashuka na pazia langu begani, mteja ananikodolea macho, na hapo ndipo nilipoambiwa kwamba kuna kijana wa huko huko, mhandisi wa maji, amemwomba wafunge ndoa, na yeye ameshakubali. Kijana na mama yake wangekuja Dar baada ya miezi mitano, kujitambulisha kwa wazee kama inavyotakiwa.

Mteja aliondoka na pazia bila kunisikia nikitaja bei, akarudi mwenyewe kuniuliza. Mimi nilikuwa nimeshakaa juu ya marobota ya mashuka, nacheka na kulia kwa pamoja.

"Huyo mama anajua Kiswahili?" nilimuuliza binti yangu.

"Hajui. Na Kiingereza pia hajui. Lakini usijali, mimi nitatafsiri."

Nikakataa hapo hapo. Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Nimewauzia mashuka Wakongo, Wazambia na Wakomoro, na sijawahi kumlipa mkalimani. Leo mtu anakuja kunichukulia mtoto wangu wa pekee, halafu niongee naye kupitia kinywa cha mtoto mwenyewe? Atachuja anayosema mkwe, atachuja ninayosema mimi, mwishowe tutabaki tunatabasamu tu kama picha za studio. Nikamwambia: "Mwambie mama mkwe wako nitaongea naye mwenyewe."

Binti yangu akanikumbusha: "Mama, una miaka hamsini na mbili."

"Na meno yangu yote," nikamjibu.

Mwalimu nilitafutiwa na jirani yangu wa duka, mzee anayeuza udi na manukato. Yeye kwao ni mtaa wa Gerezani tangu enzi za babu zake, anamjua kila mtu na anajua kila mtu alikosomea. Akaniambia kuna daktari wa mifugo mstaafu, amesoma Kuba miaka saba, anafundisha Kihispania kwenye chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Nilikwenda kesho yake. Darasani tulikuwa wawili: mimi na sista mmoja wa Kikatoliki aliyekuwa anahamishiwa Peru. Kila Jumanne na Alhamisi saa saba mchana nilifunga duka, nikaweka kibao cha "Narudi sasa hivi", nikapanda ngazi zile zenye harufu ya grisi.

Wiki za kwanza zilikuwa raha tupu. Habari za asubuhi, moja mbili tatu, hii ni meza. Nilijiona nina kipaji. Kisha tukafika kwenye vitenzi vya mtu kujitendea mwenyewe.

Mwalimu aliandika ubaoni, kwa mwandiko wake wa cheti cha dawa: me lavo, te lavas, se lava, nos lavamos, se lavan. Najiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha, wanajiosha.

"Mwalimu," nikasema, "mbona sisi tuna 'ji' moja tu? Mimi najiosha, wewe unajiosha, mtaa mzima unajiosha, 'ji' ni ile ile. Hawa kila mtu anajiosha na ya kwake?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Mtendaji akibadilika, na hiyo inabadilika. Ukisema me, unabaki na me. Usije ukaazima ya mwenzako."

"Na hii os ya 'ninyi' nimeiona kwenye kitabu, mbona hujaiandika?"

Akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Hiyo achana nayo. Miaka saba Kuba sikuisikia hata siku moja."

Kumbe kuosha ilikuwa cha mtoto. Hawa watu wanajiamsha, wanajikalisha, wanajilaza. Hata kuondoka wanajiondoa. Nilicheka mpaka sista akanipa maji. Halafu mwalimu akaandika casarse.

"Hiki ndicho kilichokuleta, mama. Kufunga ndoa. Kwa Kihispania hakuna anayeoa na anayeolewa. Me caso, anasema mwanamume. Me caso, anasema mwanamke. Ni kama kusema wote wanajioza."

"Wanajioza! Bila wazee?"

"Wazee wapo. Sarufi ndiyo haiwatambui."

Akataka tuseme kwa zamu. Sista akainua kidole. "Mwalimu, mimi hii siwezi kuitamka."

"Ni mazoezi tu, Sista."

"Najua. Lakini nianzie kwenye te."

Basi siku hiyo mimi nilisema me caso peke yangu mara ishirini, naye sista akanipokea kwa te casas, kwa sauti nzuri ya kwaya, kama ananipongeza.

Nikaanza kuishi na wimbo huo. Niliyaandika maneno yale kwa kalamu nzito kwenye makaratasi magumu yanayokuja ndani ya pakiti za mashuka, nikayapanga nyuma ya kaunta. Nikikunja shuka, mkunjo wa kwanza me, wa pili te, wa tatu se. Jirani yangu aliyasikia kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao mpaka yakamwingia. Asubuhi nikimwambia "Shikamoo, mzee wangu," ananijibu "Marahaba, me levanto," yaani naamka, hata kama ameshafungua duka saa mbili zilizopita. Muuza kahawa naye akadaka. Wapagazi wakipita na mizigo kichwani wanaimba nos lavamos, nos lavamos, watu wanapisha njia. Mteja mmoja kutoka Mbeya aliniuliza kama ni tangazo la sabuni.

Wiki mbili kabla ya wageni, niliandaa sentensi yangu. Nilitaka moja tu, nzuri, niiseme nimesimama, mbele ya wazee. Mwalimu alinisaidia kuitengeneza: Mi hija se casa con su hijo, y yo me alegro mucho. Binti yangu anafunga ndoa na mwanao, na mimi nafurahi sana.

"Angalia hapo," akaniambia. "Una se moja na me moja. Se ni ya binti. Me ni yako. Usizichanganye."

"Nizichanganye nimekuwa mtoto?"

Siku ikafika, Jumamosi mchana. Nyumbani kwangu ni ghorofa ya pili, mitaa mitatu kutoka dukani, na sebule ilikuwa imejaa harufu ya pilau na udi ambao jirani yangu alileta mwenyewe akiwa na kanzu iliyonyooka. Mwalimu alikuja na tai. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu, alishuka kutoka Moshi kuja kusimama kama baba wa binti. Ni mtu mzito wa maneno, aliyekuwa mwalimu mkuu maisha yake yote, na tangu tulipomzika mdogo wake sikuwahi kumwona akicheka.

Wageni wakaingia, binti yangu akiwaongoza. Kijana mrefu, shati limemganda mgongoni kwa joto. Mama yake mfupi, nywele za mvi amezikata fupi kabisa, mkononi kashika bati la mafuta ya zeituni kama mtu aliyebeba mtoto. Akaliweka chini, akatoa kikaratasi kwenye pochi, akasogea mpaka mbele ya shemeji yangu, akasoma kwa Kiswahili, silabi moja moja:

"Shikamoo. Nimefurahi sana kujifahamu."

Alitaka kusema kukufahamu, maskini, sote tuliona. Shemeji alimtazama kwa heshima zote.

"Marahaba," akasema. "Hongera sana."

Jirani yangu akatikisa kichwa taratibu. "Wengi wetu tunazeeka hatujafika huko," akasema.

Binti yangu akaenda jikoni ghafla. Nilimsikia huko akigonga sufuria ambazo hazikuhitaji kugongwa.

Tukakaa. Mgeni akanigeukia mimi, akaniuliza kitu kwa Kihispania, kwa kasi ya mnadani. Nikadaka neno moja moja, na katikati yake nikasikia os. "¿A qué hora os levantáis?" Os! Ile ya kuachana nayo. Nikamgeukia mwalimu. Mwalimu alikuwa anasoma kwa makini sana maandishi kwenye chupa yake ya soda.

"Anauliza mnaamka saa ngapi, Mama," binti yangu akasema kutoka mlangoni.

"Najua," nikasema, na sikuwa najua. Kumbe huko Hispania kwenyewe os inatembea mchana kweupe, na wala hawaionei aibu. Nikaona heri niseme sentensi yangu kabla haijanitoka kichwani. Nikasimama. Nikarekebisha kitenge changu. Nikasema kwa sauti kubwa, safi, bila kukwama popote:

"Mi hija se alegra mucho, y yo me caso con su hijo."

Kijana aligeuka mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu. Mwalimu akaweka soda chini. Mama wa kijana alinitazama, mdomo wazi, kisha mabega yakaanza kumtikisika, kwanza kidogo, halafu mwili mzima, mpaka akashika kiti kwa mikono miwili. Binti yangu alikuwa ameteleza ukutani hadi sakafuni.

Nikajua nimeharibu, ila sikujua wapi. Nikajaribu kuokoa. "No, no! Nos casamos!" nikasema, nikionyesha sote kwa mkono.

Mama wa kijana akatoa sauti ya birika linalochemka.

"Amesema nini?" shemeji akauliza. "Nani anitafsirie?"

Binti yangu alijifuta macho kwa pazia langu. "Baba mkubwa, Mama amesema... amesema mimi nimefurahi sana, na yeye anaolewa na mchumba wangu."

"Halafu?"

"Halafu amesema tunaoana sote."

Shemeji akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. "Hili," akasema, "halikuwepo kwenye ratiba."

Ndipo yule kijana, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu aingie, akasimama, akaweka mkono kifuani, akaniinamia na kuniambia kwa Kiswahili alichofundishwa na binti yangu: "Samahani sana, Mama. Nimeshachumbia."

Shemeji yangu alicheka. Kwanza alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, akashindwa. Alicheka mpaka kikombe kikapinduka kwenye sahani yake, alicheka kicheko cha mdogo wake, kile kile cha kupanda kwa ngazi na kushuka kwa mteremko, ambacho nilidhani tulikifukia Moshi miaka sita iliyopita. Nilisimama pale katikati ya sebule nikikisikiliza. Mama wa kijana akainuka, akanikumbatia, sisi wawili tukacheka bila kuachiana, kila mmoja akimlowanisha mwenzake bega.

"Sarufi ilikuwa sahihi kabisa," mwalimu alisema baadaye, akijipakulia pilau. "Me na kitenzi chake, se na kitenzi chake. Hakuna kosa hata moja."

Mazungumzo rasmi yakaenda haraka kuliko ilivyopangwa. Huwezi tena kumkunjia uso mtu mliyecheka naye hivyo.

Mama wa kijana, sasa mkwe wangu, alikaa wiki nzima. Jumatatu alikuja dukani, akakaa juu ya robota, akajifunza kukunja mashuka, na mteja aliyemuuliza bei alimjibu "karibu sana" mpaka akanunua. Siku moja kabla ya kuondoka nilimpeleka Feri kununua samaki. Tulisimama mnadani, maji ya barafu yanatiririka miguuni, mnadi samaki anapiga kelele, na yeye akanishika mkono akasema kitu polepole, kwa ajili yangu. Alisema aliogopa kuja. Kwenye ndege hakula. Alidhani atakutana na watu wanaompima. "Pero cuando te equivocaste," akasema, lakini ulipokosea, "se me quitó el miedo."

Uoga ulinitoka, ndivyo alivyosema. Nilielewa. Nilielewa kabla sijahesabu maneno, halafu nikayahesabu, nikaruka.

"Se me?" nikapiga kelele. "Se na me? Pamoja?"

"Sí," akasema, akishangaa. "Se me."

"Mwalimu aliniambia nisizichanganye!"

Hakuelewa, kwa sababu nilisema kwa Kiswahili, lakini alicheka tu, na mimi nikacheka, na mnadi akadhani tumepandisha bei, akatuuzia changu wanne ambao hatukuwa tumewaomba. Tukawachukua. Tuliwakaanga wote jioni hiyo, na mkwe wangu akamimina mafuta yake ya zeituni juu ya ugali, akatutazama tunavyokula, akauliza kama tunapenda. Tulipenda. Shemeji aliongeza mara mbili.

Jumanne nilipanda zile ngazi nikihema, nikamkuta mwalimu anafuta ubao, nikamuuliza kuhusu se me.

"Ah," akasema, "hiyo ni ya mwaka wa pili."

Nikamwambia aandike jina langu huko huko.