Fomu ya Macho Iliyokwenda Ijumbi

Binti yangu alikuwa darasa la nne, katika shule moja hapa Rwamishenye, alipoleta fomu ya ridhaa. Wataalamu wangekuja Alhamisi kupima watoto macho, na mzazi alitakiwa kuweka alama ya vema kwenye "Ninakubali" au "Sikubali", kisha asaini. Kazi ya dakika moja. Mimi wiki nzima haikunitosha.

Ninafanya kazi ofisini, na karatasi ikifika mbele yangu haipiti hivi hivi. Wapimaji ni akina nani? Wanaweka dawa gani machoni? Mke wangu akasema nisaini tu, mtoto akalale. Nikamjibu, kwa sauti yangu ya vikaoni, kwamba kwetu sisi Wahaya mtoto ni wa ukoo, hatolewi hovyo kwa wageni. Ukoo huo huwa naukumbuka kila ninapoogopa kuamua. Na kweli niliogopa: je, wakimkuta na tatizo?

Basi nikapeleka suala ngazi ya juu. Jumanne nilimkabidhi jirani aliyekuwa anakwenda Muleba ile fomu, ndani ya bahasha, amfikishie mama yangu kijijini Ijumbi. Simu ninayo, na mama anayo. Lakini nilitaka aishike karatasi mkononi, aone jinsi mwanawe anavyoheshimu wakubwa. Nilijipongeza sana siku ile.

Jirani alipitia msibani, bahasha ikafika Ijumaa. Siku moja kabla, wenzake walipokuwa wakipimwa, binti yangu alikaa kwenye benchi nje ya darasa. Fomu yake ilikuwa safarini.

Mama akapiga simu, akamaka kwa Kihaya.

"Mawe! Mwanangu, unaniomba mimi ruhusa ya mtoto unayeishi naye nyumba moja?"

"Nilitaka ushauri wako, mama."

"Ushauri gani? Huyu mtoto haoni, waitu! Likizo nilisimama kibanjani, kwenye migomba, nikamwita. Akamkimbilia jirani yangu akidhani ndiye mimi. Nikasema baba yake ni msomi, bila shaka anajua."

Msomi hakujua. Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikampeleka hospitali, tukapanga foleni tangu asubuhi. Mpimaji, dada mmoja mpole, alimsimamisha binti yangu mbali na ubao wa herufi. Mstari wa juu aliusoma. Uliofuata akaanza kubahatisha, na kila akitaja herufi ananitazama usoni, kama mimi ndiye ninayetoa maksi. Machozi yalinilenga.

"Baba, hali hii ilianza lini?" mpimaji akauliza.

Kwa aibu nikamgeuzia kibao mtoto.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Nilikuambia siyaoni maandishi ya ubaoni. Ukaja shuleni ukamgombeza mwalimu, ukasema ajifunze kuandika vizuri."

Ni kweli, nilikwenda. Nilikwenda na tai shingoni, na mwalimu wa watu akaniomba radhi.