Desturi Niliyoitunga Silibwet

Kwa miaka thelathini na minane niliamini kabisa kwamba chai ikinywewa ikiwa bado inatokota huua kila mdudu wa ugonjwa anayepitia kooni. Wadudu huiva humo kama maharagwe. Aliyenipa elimu hiyo ni babu yangu, mtu aliyekuwa akimimina chai kutoka sufuria hadi mdomoni kabla moto haujapata habari, na ambaye nimewahi kuwaambia watu kwamba aliishi miaka mia moja na thelathini. Alikuwa na themanini na kitu. Niliyaandika haya hata kwenye jaribio la bayolojia. Mwalimu akaweka alama ya kuuliza pembeni, nami nikadhani ameshangazwa na ujuzi wangu.

Sasa nyinyi wenzangu wa darasa la jioni hapa Soin mmeniuliza nilipotelea wapi wiki sita. Ni mwalimu huyo huyo aliyenipeleka. Alisikia kwamba wanafunzi wa chuo kikuu kutoka ng'ambo wanakuja Bomet kusomea afya ya jamii, na wanatafuta wakalimani wa Kipsigis na Kiingereza. Akaniambia, "Kiprono, cheti unacho, mdomo unao. Nenda." Kwao wakati huo ni msimu wa joto, masomo yamefungwa, na badala ya kulala nyumbani kama watu wenye akili wao hupanda ndege kwenda kujifunza afya ya dunia nzima. Dunia nzima yenyewe, mwaka huu, ilikuwa inaanzia Silibwet.

Jumatatu ya kuondoka nilipata lifti ya pikapu ya maziwa. Nilikaa katikati ya mitungi, shati la mikono mifupi, jasho la Soin likinitoka. Tulipofika Kiptere jasho lilikuwa limeganda. Nasema limeganda! Dereva alinitazama akacheka. "Wewe wa huko chini, sweta iko wapi?" Nikamwambia sweta ni ya wagonjwa. Kufika Kericho mjini nilikuwa mgonjwa tayari, nikanunua sweta ya mtumba yenye picha ya mbwa.

Saa nane mchana, mvua ikianza kama ilivyo kawaida yake pale Kericho, gari la wanafunzi likanichukua. Walikuwa wanane, na mimi nilipangiwa mmoja anayeitwa Nora, msichana mrefu, mpole, mwenye daftari ambalo halikufungwa tangu Kericho hadi Kaplong. Aliuliza kila kitu. Kwa nini majani ya chai yamekatwa sawasawa? Nikamwambia yananyolewa kila Jumamosi, kama kichwa cha bwana harusi. Akaandika. Hapo ndipo ningepaswa kujua kuna hatari, mtu anayeandika kila unachosema. Lakini mimi nilifurahi. Nani mwingine aliwahi kuandika maneno yangu isipokuwa karani wa chifu?

Jioni tuliingia Silibwet, tukapelekwa kwa mwenyeji wetu, Mama Chepkoech. Ni mjane wa miaka sitini hivi, ana chai yake kidogo, ng'ombe wawili wa maziwa, na shamba la mahindi mbele ya nyumba. Nora akapewa chumba cha binti yake, Chepkoech, anayefanya kazi Nakuru. Mimi nikapewa chumba cha nje.

"Chamgei," Mama akatusalimu, akanishika mikono yote miwili. "Mmeletwa na baridi. Kaeni, chai iko tayari."

Chai ile! Ilitoka jikoni ikiwa na moshi kama gari bovu. Mimi nikaipiga mara tatu, kikombe kikaisha, ulimi ukaomba msaada nikaunyamazisha. Mama naye alikunywa ya moto vile vile, ila taratibu, mafunda madogo, akitulia kila mara kama anayesikiliza kitu. Nora aliweka kikombe chake mezani akakitazama.

"Nora," nikasema, "unaingoja ife ndiyo uinywe?"

Nilipomtafsiria Mama, alicheka hadi akajishika kifua. Nikahesabu hiyo kuwa ni ushindi wangu wa kwanza.

Chakula kilipokuja, ugali mkubwa, mboga na maziwa lala, Mama alitunawisha mikono, akaomba Mungu, halafu akarudi jikoni. "Kuleni, mimi nimeshakula huko."

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne tukiwa njiani kutembelea nyumba za watu, Nora akaniuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "Kwa nini Mama hali na sisi?"

Jibu sikuwa nalo. Lakini nilikuwa mkalimani mwenye cheti, na sweta yenye mbwa, ningesemaje sijui? Nikakohoa. Nikamwambia hiyo ni desturi yetu ya kale. Mama mwenye boma haonekani akila ugali mbele ya wageni mpaka mwezi uandame mara mbili. Ni heshima kubwa sana. Zamani, nikaongeza, mwanamke aliyekiuka alitozwa beberu.

Nora aliandika yote. Beberu alimpigia mstari.

Wiki ya pili, asubuhi, nilikuwa namsaidia Mama kuchuma chai, yaani alikuwa anachuma na mimi naongea. Alisimama katikati ya mstari, kikapu mgongoni, akagusa kifua.

"Kiprono, siku hizi hata chai inasimama hapa kabla ya kushuka."

Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia kwa sauti ya daktari bingwa, "Mama, unaipoza sana. Ichemshe zaidi, uinywe ikiwa bado inaruka. Itafungua njia."

"Nitajaribu," akasema.

Na alijaribu. Kesho yake nilimwona jikoni akiinywa ikitoka motoni, machozi yakimlenga, nikamwonyesha dole gumba.

Ijumaa ya wiki ya tatu wanafunzi wote walikutana zahanati kueleza waliyojifunza. Msimamizi wa pale ni muuguzi anayeitwa Sista Chebet, mwanamke mfupi mwenye sauti inayoweza kusimamisha lori mlimani. Wanafunzi wakasoma mmoja mmoja: maji, vyoo, chanjo. Ikafika zamu ya Nora. Akasoma habari za ugali, mwezi kuandama mara mbili, na yule beberu.

Sista Chebet akaweka kalamu chini.

"Desturi gani hiyo? Mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto huu na nikaolewa hapa. Mama mkwe wangu hula ugali mbele ya wageni, na akimaliza wake anamaliza wa wageni!"

Zahanati nzima ikacheka, pamoja na mtu aliyekuja kufungwa kidonda.

"Nani amekudanganya hivyo?" Sista akauliza.

Nora alinigeukia tu. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kufunga kamba za viatu vyangu.

Lakini Nora hakukaa. Akafungua ukurasa mwingine, akasema kwamba basi kuna jambo haelewi, kwa sababu tangu tufike hajamwona Mama akila chochote. Ni chai tu, maziwa lala, uji mwepesi. Na sketi yake ameifunga kwa pini kubwa, na wiki hii pini imesogezwa.

Sista Chebet aliacha kucheka katikati ya kicheko. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Alichukua mkoba wake. "Twendeni."

Tulimkuta Mama anakamua. Sista alivuta kigoda, akakaa karibu naye, akamwacha amalize. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Mama, ugali umekula lini mara ya mwisho?"

"Jana."

"Mama."

Mama alifunika ndoo ya maziwa. Akapangusa mikono. "Wakati tunapanda mahindi," akasema.

Niligeuka nikatazama lile shamba mbele ya nyumba. Mahindi yalikuwa yamenipita kichwa. Yalikuwa yametoa ndevu! Mimi huongeza chumvi katika kila kitu, wenzangu, mnanijua, lakini hapa sina cha kuongeza. Nilikuwa nimekula ugali wa mama huyu asubuhi na jioni kwa wiki tatu, nikashiba, nikaomba wa kuongeza, na yeye hajaumeza hata tonge moja tangu mbegu ilipoingia ardhini.

"Unajua hiyo inaweza kuwa nini," Sista akamwambia.

"Najua. Baba Chepkoech alianza hivi hivi." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Lakini mwezi ujao ni koito ya Chepkoech. Wakwe wanakuja kuposa. Wakisikia nimelazwa watasema nyumba hii ina kitu. Wacha koito ipite, Sista. Nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu."

"Koito bila mama ni nini? Ni wazee wamekutana kula nyama!"

Mama hakucheka. Alikuwa ameshaamua, ungeona kwa vile alivyochukua ndoo. Basi mimi, bila kuulizwa, nikajikuta naongea.

"Mama, ni mimi. Huyu msichana aliniuliza siku ya nne kwa nini huli. Nikamwambia ni desturi."

Aliniangalia sana. "Desturi gani?"

"Hakuna. Nilitunga."

"Kumbe," akasema pole pole. "Na mimi nilifurahi. Nilipoona hamniulizi, nikasema Mungu amenifunika."

Nora alikuwa ananivuta mkono, nimtafsirie. Nilimtafsiria neno kwa neno, kwa mara ya kwanza tangu Kericho. Alikaa chini kwenye nyasi, na ng'ombe yuko hapo hapo, akalia.

Mama ndiye aliyemwinua. Halafu akaniambia, "Toa simu. Wewe ndiye utampigia Chepkoech. Mwambie vile ilivyo, na usiongeze kitu."

Ile ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa. Nilisema: mama yako hawezi kumeza ugali tangu msimu wa kupanda, na Sista anataka aende hospitali, na anaogopa koito. Upande wa pili nikasikia kiti kinasukumwa. Kesho yake kabla ya saa sita Chepkoech alikuwa mlangoni na begi. "Mama, kama watu hao hawawezi kungoja upone, basi si wakwe, ni wateja," akasema, na Mama akaenda kuvaa viatu.

Jumatatu tulikuwa hospitalini. Wenzangu, pale kwenye benchi la kungojea kamera ya koo ndipo nilipozidi kushtuka. Nilidhani tumeleta ugonjwa wa mtu mmoja. Nikakuta wanaume kwa wanawake, wengine vijana kuliko mimi, kila mmoja na chupa yake ya chai au ya uji, na kila mmoja amefunga mshipi kwenye tundu jipya alilotoboa kwa msumari. Mzee mmoja wa kutoka upande wa Kericho akaniambia alidhani ni yeye peke yake katika kata yao. Jirani yake kwenye benchi alikuwa wa kata hiyo hiyo.

Majibu yalichukua siku kumi. Ilikuwa saratani. Daktari alieleza kwa Kipsigis safi, hakunihitaji, nami nikashukuru. Alisema inaweza kupasuliwa, kwamba hawezi kuahidi, na kwamba kama angengoja miezi mingine mambo yangekuwa mengine.

"Nitakuwa nimerudi kabla ya koito?" Mama akauliza.

"Hapana."

Jioni hiyo wakwe walituma ujumbe: watangoja mpaka mama mwenyewe awafungulie mlango. Mama aliusoma mara mbili kwenye simu ya Chepkoech, akavua kitambaa cha kichwa, akalala.

Wiki ya sita ilipoisha tuliagana mjini Bomet, kabla ya siku ya upasuaji. Nilimwomba Nora msamaha. Nikamwambia arudishe huo ukurasa nimrekebishie.

"Nimeurekebisha," akasema. "Nilikuuliza wewe. Nilipaswa kumuuliza yeye."

Akanipa mkono, akapanda gari. 

Nilirudi Soin kwa njia ile ile, Kericho, Kiptere, joto likinipokea bondeni kama mbwa wa nyumbani. Sweta nimeileta, mtaiona. Siku mbili zikapita sina usingizi mzuri. Ya tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi nje na kikombe kinachofuka moshi mkononi, simu ikalia. Sista Chebet.

"Amepasuliwa juzi," akasema. "Amefungua macho, amemuuliza Chepkoech kama ng'ombe wamekamuliwa. Leo wanamlisha kwa mpira. Bado ni safari ndefu, usiende kutangaza ati amepona."

"Sitatangaza," nikasema. Na sijatangaza, nimeandika kama alivyosema.

Alikuwa karibu kukata. Nikamwambia angoje. Nikamweleza yote: babu, maharagwe, jaribio la bayolojia, na asubuhi ile shambani nilipomwambia mama mgonjwa achemshe zaidi. Nikamuuliza, "Sista, ile chai ya moto, si angalau ilikuwa inaua wadudu?"

Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Hapana, Kiprono. Sisemi ndiyo iliyomletea, hilo hakuna anayelijua. Lakini chai ya moto haiui ugonjwa wowote kooni. Inaliunguza koo, na koo likiungua kila siku kwa miaka mingi ni rahisi kupata saratani. Iache ipoe kwanza, hiyo chai, ndiyo mtu anywe. Na mtu akikuambia chakula kinasimama, mlete kwangu."

Nikaweka kikombe chini.