Salamu Tisa za Kwenda Kanisani

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja huku Ikonge. Mlango wa daktari haufungi vizuri, kwa hivyo shida za aliye ndani ni zetu sote. Aliyekuwa ndani ni nyanya mmoja mwenye pumu ya miaka mingi.

"Mama, ukipanda mlima kwenda kanisani, unasimama mara ngapi kupumzika?"

"Sisimami kupumzika mimi," alijibu, kifua kikipiga filimbi mpaka nje.

"Hata mara moja?"

"Nasimama kusalimia watu tu."

Daktari akauliza: "Na unasalimia wangapi?"

"Zamani walikuwa wawili. Siku hizi ni tisa. Sabato iliyopita nilisalimia hata ng'ombe wa jirani."

Benchi zima tulicheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Daktari hakucheka. Alianza kumfundisha upya kuvuta dawa ya kupuliza: "Vuta polepole, zuia pumzi, hesabu mpaka kumi."

Mimi nami nikamkumbuka mzee jirani yangu. Kila asubuhi hunisimamisha pale mlimani kuniuliza habari za mke, za watoto, za majani chai, nami humjibu "nzuri, nzuri" huku nikitazama saa. Miaka yote hiyo nilimwona mdaku.

Jana alinisimamisha tena, mkono kiunoni, akihema. Aliponiuliza habari za ng'ombe wetu, nilimsimulia kuanzia siku alipozaliwa.