Nilivyobishana na baba kuhusu spidi ya mwanga, mlima wa Saranda ukaniponza

Wakuu, heshima zenu, kila mtu kwa umri wake.

Naona humu mnatoana macho kama spidi ya mwanga ni constant kweli au tunadanganywa. Wenye digrii endeleeni. Mimi naleta yaliyonikuta, na sitaficha hata pale ninapoonekana bwege, ambapo ni karibu kote.

Ilikuwa enzi za ruksa, maduka yameanza kujaa vitu. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, mwaka wa pili nipo tu nyumbani Manyoni. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuhamisha mkeka kufuata kivuli.

Baba alikuwa kwenye genge la reli, kutwa anatembea na nyundo kukagua njia. Jioni moja nikaanza kumfundisha fizikia bila kuombwa. Nikamwambia mwanga una spidi moja tu, haibadiliki.

Akacheka.

"Treni likitoka Saranda kupanda huku linahema mpaka unalionea huruma. Mwanga nao ukipanda mlima lazima uchoke."

"Hauchoki, baba."

"Haya, thibitisha. Ukishindwa unakwenda Kintinku kwa mjomba wako, ukachunge ng'ombe. Hapa umeshakuwa kama kabati."

Wakuu, mimi kulala nje ya kitanda changu ni adhabu. Ikabidi nipime.

Nilikuwa na saa ya digital yenye stopwatch, zile zilizoingia kwa fujo miaka ile. Nikatafuta vioo viwili, kimoja nikampa dada yangu Neema.

Mpango: namulika jua kwa kioo, Neema akiona ananirudishia, nabonyeza saa. Kwanza kwenye tambarare, kisha mlimani, umbali uleule. Umbali tuliupima kwa kuhesabu mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, maana baba hakuamini kipimo kingine chochote.

Hapa msicheke kwanza. Sikujua kwamba kwa umbali ule mwanga ulishakwenda na kurudi kabla kidole changu hakijapata habari.

Tambarare: sekunde moja na kidogo.

Mlimani, Neema akiwa chini, mimi na baba juu: sekunde nne!

Baba akaniinamia sikioni. "Unausikia unavyohema?"

Neema akapanda, anajifuta jasho. "Samahani jamani, nilichelewa. Nilikigeuza kidogo nitazame nywele. Kioo kizuri hiki!"

Nikaruka juu. "Baba, umesikia? Siyo mwanga, ni Neema!"

"Mtihani ni mtihani. Kesho kuna treni la kushuka."

Nikaenda Kintinku.

Ng'ombe walinijua siku ya kwanza tu kwamba mimi si lolote. Jioni mjomba anauliza, "Fomu foo, mbona umerudi peke yako?" Namjibu nawatafuta. Wenyewe walikuwa wameshafika zizini, wameniacha mimi porini.

Siku moja lamboni, ng'ombe wanakunywa, nikachomeka fimbo majini. Nikaiona imepinda.

Ndipo nikakumbuka somo la fomu thrii. Mwanga ukiingia kwenye maji spidi yake inapungua, ndiyo maana fimbo inaonekana imevunjika. Ile constant ya vitabuni ni ya mahali patupu, pasipo maji wala hewa. Mwalimu alisema yote. Mimi nilisikia nusu, nikaenda kubishana nayo.

Roho ikanisuta. Nikaomba ruhusa, nikapanda treni kurudi. Mlimani likahema kweli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Hapana. Nimekuja kukwambia ulikuwa sahihi kidogo. Mlima hauuchoshi mwanga, ila maji yanaupunguza mwendo."

Akaweka nyundo chini, akafikiri. "Na ukishatoka kwenye maji?"

"Unarudia spidi yake, palepale."

"Bila kupumzika?"

"Bila kupumzika, baba."

"Kumbe. Na wewe shule umetoka lini?"

Neema alicheka mpaka akadondosha mwiko.

Asubuhi nilikunja mkeka mwenyewe, nikarudi kwa mjomba. Safari hii hakuna aliyenituma.

Nilichojifunza: ukisema kitu hakibadiliki, taja na mahali. Na kabla hujatangaza matokeo, uliza mwenye kioo alikuwa anafanya nini. Pale kwetu spidi pekee iliyokuwa constant ni yangu, nayo ilikuwa sifuri.

Haya, nikosoeni. Na aliyewahi kubishana na baba yake akashinda ajitokeze, tumtazame vizuri.