Jina Ambalo Sikuliita

Nikisikia makofi ya nzango, mguu wangu wa kuume unatoka wenyewe, hata nikiwa na sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, mkononi. Msinicheke. Makofi yale yana namna yake: pa-pa, pa, kisha kishindo cha miguu mitupu, na vumbi linapanda mpaka kwenye meno.

Anayeijua nzango anivumilie kidogo. Mistari miwili ya wasichana inatazamana. Mmoja anatoka huku, mwingine kule, wanaruka wakipiga makofi, kisha kila mmoja anatupa mguu mbele. Miguu ikikutana, pointi ni ya mstari mmoja. Ikipishana, ni ya mwingine. Akina mama waliacha mihogo yao juani wakaja kutushangilia, na nyimbo zetu zilikuwa na maneno ya kila lugha ya mtaa. Aliyeamka na huzuni alirudi nyumbani amekauka sauti kwa kucheka.

Makapitene wawili ndio walioita majina kwa zamu, kuunda mistari. Na kwetu Mbunya tulikuwa na desturi: rafiki yako wa moyo humuiti. Unamwachia kapitene mwingine, ili asimame mbele yako, maana nzango unacheza na yule unayemtazama usoni. Kwa hiyo mimi, kapitene mwenye makelele kuliko wote, sikuwahi kumuita Dorika hata siku moja. Alikuwa jirani yetu, mwembamba, mwenye mguu mjanja: ukingoja wa kushoto, unaletewa wa kuume. Nilimpenda, jamani.

Kisha vita ikaja upande wa Iga Barrière. Watu walifika na magodoro kichwani, wakasema waliowachomea nyumba ni wa kabila la Dorika. Baba yake Dorika alikuwa mshona viatu, mtu wa kusalimia hata mbuzi. Lakini mama yangu alinivuta sikio jikoni.

"Weye, unisikie muzuri. Ule mutoto usionekane naye tena. Watu wanatuangalia."

"Mama, lakini Dorika iko rafiki yangu."

"Najua. Nani alisema sijui?" Akageuka kupuliza moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri.

Siku ya Mungu, baada ya misa, tulikusanyika uwanjani. Dorika alikuja, akavua sapatu zake, akazipanga pembeni kama kawaida. Nikaita jina, naye Anjele, kapitene wa upande wa pili, akaita lake. Anjele alikuwa amempoteza mjomba wake katika vita ile. Tuliita mpaka wasichana wote wakaisha, akabaki Dorika peke yake katikati. Zamu ilikuwa ya Anjele. Akatazama chini.

"Miye nimemaliza," akasema.

Wote wakanigeukia. Lilibaki jina moja tu, na mdomo wangu, ambao mtaa mzima uliuita redio, ukakauka. Nikajiambia desturi yetu hairuhusu. Uongo mtupu! Niliogopa. Dorika alinitazama, tena akitabasamu kidogo, kama mtu anayejua ataitwa. Kisha akaenda kuvaa sapatu. Moja ikamgomea kuingia, akaibeba mkononi, akaondoka hivyo hivyo. Nasi tukacheza. Tulicheza, wenzangu, na mstari wangu ukashinda.

Wiki ile ile jamaa yake ilipanda lori la kwenda Aru. Nilisikia injini ikiwaka na sikutoka kumuaga. Mpaka leo sijui kama walifika.

Miaka mingi nilimlaumu Anjele, nikamlaumu na mama. Nilikuwa tayari na watoto wangu ndipo nikaelewa kwamba siku ile Dorika hakuwa akimngoja Anjele. Alikuwa akiningoja mimi.

Siku hizi tunacheza tena, mama na binti, makabila yote, kwenye uwanja ule ule. Wakinipa ukapitene, jina la kwanza linalonitoka ni lake. Wasichana wanaangaliana.

"Mama, Dorika ni nani? Hapa hakuna Dorika."

"Nimekosea," nawaambia, kisha naita mwingine.