Maneno Safi ya Shangazi Rwamba

Shangazi yangu Rwamba alikuwa mtu wa kuomba. Harusi yoyote pale Kibugu, mazishi yoyote, yeye ndiye aliyeitwa, na akianza, chakula kilipoa. Lakini aliomba kwa Kikuyu. Wengi wetu Waembu tulikuwa hivyo: Biblia na kitabu cha nyimbo vilitufikia kwa lugha ya majirani, tukaona hata Mungu anaishi kwao.

Nyanya, mamake, hakuwahi kuingia kanisani. Mwaka wa 1976, akiwa kitandani hajiwezi, alimshika shangazi mkono. "Niombee," akamwambia. "Lakini si kwa hicho Kikuyu cha kanisa. Niombee kwa maneno yetu."

Shangazi alijaribu, akakosa pa kuanzia. Kila neno la sala lililomjia lilikuwa la kitabuni. Alikaa pale kimya mpaka nyanya akakata roho bila kuombewa.

Ndipo alipoanza kutafuta maneno ya Kiembu kitupu. Kwenye kituo cha kupimia majani chai aliwasumbua akina mama wazee, akaandika kila walichosema. Alikuwa mkali ajabu. Hili la Kikuyu, toa. Hili la Waswahili, toa. Aliyakataa maneno kama karani wa chai anavyokataa majani magumu. Neno la sabuni lilimshinda wiki nzima, nasi tukamcheka, maana nani alikuwa na sabuni kabla ya Waswahili kuileta? Yeye hakucheka. Alisema akipata maneno safi ya kutosha ataenda kaburini aiseme ile sala. Mimi nilidhani ni ukaidi tu. Kumbe alikuwa na hamu ya mamake, na hakuwa na njia nyingine ya kumfikia.

Baada ya miaka ishirini na mitatu, alikuja Kianjokoma kijana aitwaye Elphas, aliyekuwa akisaidia kutafsiri Biblia kwa Kiembu. Shangazi alimpelekea daftari zake sita, nami nikamsindikiza.

Elphas alisoma muda mrefu, akamsifu sana. Kisha akaweka kidole kwenye neno Ngai, jina la Mungu, ambalo nyanya alilitaja kila asubuhi akiutazama Mlima Kenya.

"Cucu," alimwita kwa heshima ya wazee, "umetoa yote ya kuazima lakini hili umeacha. Wasomi wanasema lilitoka kwa Wamaasai."

"Wale walikuwa wanatuibia ng'ombe?"

"Hao hao. Ni kitambo sana, hakuna mtu anakumbuka."

Shangazi alizifunga daftari moja moja. Nilingoja amkemee, lakini alikuwa analia.

"Kwa hivyo hata mama alikuwa anaomba kwa maneno ya watu," alisema. "Basi siku ile ningesema lolote. Alikuwa ananingoja tu nifungue mdomo."

Jioni ile aliombea chakula kwa Kikuyu chake cha kanisani. Sauti ilimkatika kabla ya amina, tukaimalizia sisi.